Rebmann wa Kilimanjaro ni wa ukoo gani?

Kwa sisi tuliosoma shule za msingi Tanzania, Rebmann si mtu, ni jibu. Swali linauliza mzungu wa kwanza kuuona Mlima Kilimanjaro, unaandika Johannes Rebmann, 1848, unapata alama yako, unasonga mbele. Ukiandika Krapf umekosa, maana Krapf ni wa Mlima Kenya, mwaka uliofuata. Ule utani kwamba Wachaga walikuwa wamefumba macho mpaka mgeni alipofika tumeshautania hadi umechuja, kwa hiyo naupita.

Mimi Rebmann alinirudia ukubwani, kwa njia ya jina lake. Nimekulia Dodoma, upande wa Hombolo, kwenye nyumba ambayo ada ya shule ilitoka kwenye zabibu. Sasa naishi kusini-magharibi mwa Ujerumani, kwenye bonde la Mto Neckar, si mbali na Stuttgart, na vuli ikifika huwa naenda kusaidia kuvuna kwa mzee mmoja mwenye mizabibu mteremkoni. Siku moja wakati wa kula tulikuwa tunazungumza habari za Kilimanjaro, nikamtajia Rebmann. Mzee akacheka. "Huyo ni mwenzetu," akasema. "Mtu wa mizabibu."

Ndivyo lilivyo. Rebe ni mzabibu, ule mti wenyewe unaotambaa, na Mann ni mtu. Katika Kijerumani cha karne za kati neno hilo lilikuwa jina la kazi la kawaida kabisa, kama mvuvi au mhunzi. Aliyeandika habari za theluji ya Kibo alikuwa amebeba jina la kazi ya baba yangu, na sisi tulikuwa tunalikariri kama namba ya simu.

Tangu hapo nimelifuata jina hili kwenye vitabu, kwenye ramani na kwenye soga za wazee wa huku. Swali langu lilikuwa moja tu: nchi hii imejaa mizabibu, sasa kwa nini akina Rebmann ni wachache hivi?

Ukitaka kujibu hilo, uliza kwanza kwa nini akina Müller ni wengi. Müller ni msagaji, mwenye kinu cha maji. Karibu Mjerumani mmoja katika kila mia anaitwa hivyo, na nyuma yake wamo Schmidt mhunzi, Schneider mshonaji, Fischer mvuvi na Weber mfumaji. Majina ya ukoo yalianza kushika mizizi Ujerumani kuanzia karne ya 12, mijini kwanza, upande wa magharibi na kusini. Watu walikuwa wameongezeka, na majina ya ubatizo yaliyopendwa yalikuwa machache. Mwandishi wa mikataba alikuwa na akina Johannes ishirini na hajui nani ni nani. Akaongeza kitambulisho: Johannes yule wa kinuni. Kijiji kilikuwa na kinu kimoja, kwa hiyo kitambulisho kilitosha. Na kwa kuwa karibu kila kijiji kilikuwa na kinu chake, jina lilizaliwa upya mahali pengi mno, kwa watu wasiojuana wala kuhusiana. Müller wa Hamburg na Müller wa Munich hawana sababu yoyote ya kutafutana kwenye msiba.

Mtu wa mizabibu ni habari nyingine. Kwenye kijiji cha wagema ukiita "Mgema!" wanageuka wote. Vijiji vya mvinyo vya huku vilikuwa hivyohivyo: karibu kila kaya ilikuwa na kipande chake mteremkoni, kwa hiyo kumwita jirani mtu wa mizabibu hakukumtofautisha na yeyote. Jina kama Rebmann lilikuwa na faida pale tu kazi ilipomtenga mtu. Mjini, kwa mfano, ambako majirani zake walikuwa waoka mikate na watengeneza ngozi. Au pembezoni mwa nchi ya mvinyo, ambako mwenye mizabibu alikuwa yeye peke yake. Au kwa mtu aliyetunza mizabibu ya monasteri au ya kabaila, kwa mapatano ya kugawana mavuno. Katika miji kama Freiburg na Konstanz watu hawa walikuwa na chama chao kabisa, cha Rebleute, yaani watu wa mizabibu, kimojawapo cha vyama vya kazi vilivyokuwa na sauti mjini. Usifikirie matajiri lakini. Walikuwa watu wa jembe wanaoishi ndani ya ukuta wa mji.

Hiyo ni sababu ya kwanza. Ya pili ndiyo tamu zaidi: Wajerumani hawajawahi kukubaliana mkulima wa mizabibu aitweje. Msagaji ni Müller kila mahali, na tofauti zake ni za herufi tu. Mtu wa mizabibu anabadilika jina kila unapovuka kilima. Hapa nilipo, Württemberg, ni Weingärtner, mtu wa bustani ya mvinyo, na mdomoni inakuwa Wengerter. Ndiyo maana ziko koo za Weingärtner na Wengert. Nenda magharibi uelekee Pfalz utawakuta akina Wingert na Wingerter. Panda kaskazini-mashariki hadi Franconia, huko mkulima wa mizabibu ni Häcker, kwa sababu ya jembe lake la kuchimbulia. Vuka kwenda Austria ya mashariki ni Hauer. Bavaria ya zamani ilimwita Weinzierl, neno lenye asili ya Kilatini, ndugu wa Winzer ambalo leo ndilo neno rasmi la Kijerumani. Kusini mwa Baden, Alsace, Ziwa Konstanz na Uswisi ya Kijerumani ndiko kulikotawala Reb-: shamba la mizabibu ni Rebberg, na mwenye kulilima ni Rebmann au Reber.

Kwa hiyo watu waliofanya kazi moja walitawanywa kwenye majina saba au manane. Ungewakusanya wote chini ya neno moja wangekuwa ukoo mkubwa wa kutajika. Luther naye, alipotafsiri Injili ya Yohana, alimfanya Baba kuwa Weingärtner. Kama angelikuwa mtu wa Basel badala ya Saxony labda mambo yangekuwa mengine, lakini hayo tuwaachie wanaopenda mambo ya "ingekuwaje".

Kati ya majina hayo yote ninalolipenda kuliko hata Rebmann ni hilo la Weinzierl. Limejaa Bavaria ya Chini, kandokando ya Mto Danube, sehemu ambazo leo ukitafuta mzabibu utachoka. Zamani ulikuwapo. Hali ya hewa ikapoa, vita vikapita, bia ikashika soko, mizabibu ikang'olewa, na walioilima wakabaki na jina kwenye mlango. Mtu anaitwa mkulima wa mizabibu na ukoo wake haujagusa mkasi wa kupogolea kwa karne kadhaa.

Kazi yenyewe, kwa asiyeijua, inaanza wakati ambapo hakuna mtu angependa kuwa nje. Januari na Februari mzabibu wa huku hauna hata jani, unaonekana kama kuni iliyosahauliwa. Hapo ndipo unapogolewa. Unakata karibu matawi yote ya mwaka uliopita na kuacha moja au mawili, ambayo baadaye yanakunjwa kama upinde na kufungwa kwenye waya. Tawi halikunjwi siku kavu yenye baridi kali, maana litavunjika mkononi. Unasubiri siku ya unyevunyevu. Wazee wengine bado wanafungia vijiti vya mwerebi, mti unaoota kando ya mito, vilivyolowekwa majini: unazungusha, unasokota, unachomeka ncha chini. Plastiki ingefanya kazi hiyo kwa nusu ya muda, lakini ukimwambia mzee hivyo atakutazama kama umetukana kanisa. Yote haya yanafanyika kwenye mteremko uliokatwa matuta, yanayoshikiliwa na kuta za mawe yasiyo na saruji, na njia ni ngazi nyembamba za mawe zinazotaka magoti mazima. Trekta haifiki. Kwetu Hombolo shamba ni tambarare, tunavuna mara mbili kwa mwaka, na adui ni ubwiri unga na bei ya mchuzi wa zabibu. Huku wanavuna mara moja, Septemba na Oktoba, na adui ni baridi ya ghafla mwezi wa nne inayounguza machipukizi kwa usiku mmoja.

Nimeyataja haya kwa sababu watafiti wa majina wakishaandika "jina la kazi: mkulima wa mizabibu" wanafunga faili. Mtu aliyeitwa Rebmann mwaka 1400 alikuwa na mgongo wa aina fulani.

Kwamba wenye jina walijua maana yake, ushahidi upo. Karne ya 16 wasomi wa Ulaya walikuwa na mtindo wa kuvalisha majina yao Kigiriki au Kilatini. Schwarzerd, udongo mweusi, akawa Melanchthon. Kina Bauer wakawa Agricola. Bern, Uswisi, kulikuwa na familia ya Rebmann iliyojiita Ampelander: mzabibu na mtu, neno kwa neno, kwa Kigiriki. Mmoja wao, Hans Rudolf Rebmann, mchungaji aliyeishi kati ya 1566 na 1605, aliandika utenzi mrefu uliochapwa Bern mwaka 1606, ambamo milima miwili ya Uswisi, Niesen na Stockhorn, inakaribishana chakula na kuzungumza. Niliposoma hilo nilicheka peke yangu kwenye treni. Miaka zaidi ya 240 kabla ya Johannes Rebmann kusimama mbele ya Kibo na Mawenzi, Rebmann mwingine ameshaandika soga ya milima miwili. Bila shaka kila mmoja ana wake; sidai undugu. Lakini Wachaga nao wana kisa chao cha Mawenzi kwenda mara kwa mara kuomba moto kwa Kibo, hadi Kibo akachoka na kumtwanga, ndiyo maana Mawenzi ana kichwa cha makovu. Mchungaji wa Bern angekifurahia.

Sasa tuje kwa huyo wa kwetu. Johannes Rebmann alizaliwa tarehe 16 Januari 1820 Gerlingen, magharibi mwa Stuttgart, katika familia ya wakulima wenye mizabibu. Hapa pana kitu kinachonitatiza kidogo na kunipendeza. Gerlingen ni nchi ya Wengerter; mwenyeji wa hapo akisema mkulima wa mizabibu hasemi Rebmann. Jina lake la ukoo na jina la kazi ya nyumbani kwao yanataja jambo moja kwa ndimi mbili. Ninavyoona mimi, jina la namna hiyo hudumu kwa sababu limeshaacha kueleweka kama kazi: neno la kila siku linabadilika, jina linabaki pale lilipokuwa. Vita vya Miaka Thelathini, 1618 hadi 1648, navyo vilichanganya watu sana huku. Baada ya mapigano ya Nördlingen mwaka 1634 Württemberg ilipoteza zaidi ya nusu ya watu wake kwa njaa, tauni na majeshi, na baadaye wahamiaji wakaja kujaza mashamba matupu, wengi wakitokea Uswisi. Wakaja na majina yao.

Kijana huyo akasomea umisionari Basel, kisha London, na mwaka 1846 akafika Mombasa kumfuata Krapf. (Krapf, kwa wanaopenda kujua, wataalamu wanamgombania: ama jina limetokana na ndoano, ama na aina ya andazi la kukaangwa. Kwa hiyo pale Rabai, kituo chao karibu na Mombasa, tulikuwa na Bwana Mizabibu na labda Bwana Andazi.) Tarehe 11 Mei 1848, akiongozwa na Bwana Kheri, mkuu wa msafara mwenye kuzijua njia za bara, Rebmann aliona weupe juu ya mlima. Akauliza ni nini. Bwana Kheri akamjibu kwa neno moja, baridi. Mtu wa Württemberg hakuhitaji maelezo zaidi. Theluji aliijua tangu kuzaliwa. Habari zake zilichapwa London mwaka 1849, na msomi mmoja wa jiografia, William Desborough Cooley, ambaye hakuwahi kukanyaga Afrika ya Mashariki, akazikataa kwa miaka. Msafara wa von der Decken mwaka 1861 na 1862 ndio uliothibitisha kwamba mtu wa mizabibu hakuwa anaota.

Rebmann alikaa pwani takriban miaka 29. Mke wake, Emma, alifariki Rabai mwaka 1866, na mtoto wao alikuwa ameshafariki akingali mchanga. Mwaka 1875, akiwa haoni tena, alirudi Ulaya akishikwa mkono na Isaac Nyondo wa Rabai. Akaoa tena, na tarehe 4 Oktoba 1876 akafariki Korntal, karibu kabisa na alikozaliwa. Hivyo Rebmann anayejulikana kuliko wote hakuacha mtu wa kuliendeleza jina. Akina Rebmann walioko leo si wazao wake. Walio karibu naye sana watakuwa wa ndugu zake, na wengi hata hivyo hawamhusu.

Jina lenyewe aliachiwa juu ya mlima. Upande wa kusini wa Kibo, karibu na Stella Point, kuna Barafu ya Rebmann, na ukizunguka kileleni unapita kwenye orodha nzima ya koo za Kijerumani: Kersten, Heim, Decken, Ratzel, Credner, Penck, Uhlig, Furtwängler. Hii Furtwängler ni mtu wa Furtwangen, mji wa Black Forest. Majina mengi kati ya hayo ni nadra hata Ujerumani kwenyewe, lakini kila mpagazi wa njia ya Machame anayajua. Barafu hizo zilikuwa kilomita za mraba 11 na kitu mwaka 1912. Kufikia 2011 zilikuwa hazizidi mbili. Hans Meyer, aliyefika kileleni mwaka 1889, alipewa kilele cha mwamba Mawenzi. Meyer, mojawapo ya majina yaliyojaa kuliko yote Ujerumani, likapata jiwe. Rebmann, lenye watu wachache, likapewa barafu. Wagawaji hawakuwa na nia mbaya, ila mgawo wenyewe una dhihaka.

Akina Rebmann wengine waliojulikana ni wachache na, kwa bahati ya ajabu, wawili kati yao ni watu wa mahakama. Andreas Georg Friedrich Rebmann, aliyezaliwa Sugenheim, Franconia, mwaka 1768, alikuwa mwandishi aliyeshabikia Mapinduzi ya Ufaransa kiasi cha kulazimika kukimbilia Paris. Baadaye akawa jaji Mainz, na ndiye aliyeongoza mahakama iliyomhukumu Schinderhannes, jambazi maarufu wa bonde la Rhine, aliyekatwa kichwa kwa gilotini mwaka 1803. Uzeeni akaongezewa "von" mbele ya jina, jambo linaloonyesha jinsi kibandiko hicho kilivyoweza kugandishwa hata kwenye jina la jembe. Wa pili ni Kurt Rebmann, mzaliwa wa Heilbronn, mji wa mvinyo kuliko hata Stuttgart, aliyekuwa mwendesha mashtaka mkuu wa Ujerumani Magharibi kuanzia 1977, baada ya mtangulizi wake Siegfried Buback kuuawa na RAF, kundi la kigaidi la mrengo wa kushoto, hadi 1990. Wajerumani wa umri fulani ukiwatajia Rebmann wanamkumbuka huyo, si yule wa Kilimanjaro. Nimejaribu mara nyingi.

Sasa idadi. Ungedhani nchi inayoandikisha kila mtu na anwani yake ingeweza kukwambia kwa dakika moja wako akina Rebmann wangapi. Haikwambii. Uswisi ofisi ya takwimu inachapisha hesabu za majina ya ukoo, na kuna kitabu kizima kinachoorodhesha koo zilizokuwa na uraia wa mji au kijiji fulani kufikia mwaka 1962. Hata pasi ya Mswisi inaandika mahali pa asili ya ukoo, si mahali alipozaliwa. Ujerumani hakuna orodha kama hiyo ya serikali, na uoga huo wa kuorodhesha watu una historia. Wakati wa Wanazi kila mtu alitakiwa kuthibitisha babu na bibi zake kwa daftari za kanisa, na karatasi hizo ziliamua nani abaki na kazi na nani apoteze uhai. Familia nyingi bado zina vijitabu vile darini, na ndiyo sababu chungu inayofanya nasaba za watu wengi huku zijulikane vizuri. Mwaka 1983 Mahakama ya Katiba ikaamua, katika kesi ya sensa, kwamba mtu ana haki ya kujiamulia habari zake zitumikeje. Tangu hapo anayetaka kuhesabu majina anazunguka nyuma ya nyumba.

Nyuma ya nyumba kuna kitabu cha simu. Konrad Kunze wa Freiburg na Damaris Nübling wa Mainz walichukua orodha ya simu za mezani za mwaka 2005, takriban milioni 28, na kuigeuza kuwa atlasi ya majina ya ukoo ya Ujerumani, juzuu saba zilizotoka kati ya 2009 na 2018. Mwaka huo ulichaguliwa kwa akili: simu za mezani zilikuwa bado ndani ya karibu kila nyumba, na simu za mkononi zilikuwa hazijazifuta. Leo hesabu hiyo isingewezekana tena. Ndani ya orodha hiyo kulikuwa na majina tofauti takriban 850,000. Kamusi ya majina inayoendelea kuandikwa Mainz inatumia data hiyohiyo, na mtu yeyote anaweza kuifungua kwenye intaneti bila malipo.

Kumbuka kwamba kinachohesabiwa ni waya za simu. Kila moja inakadiriwa kuwa na watu wawili watatu nyuma yake, lakini mume ndiye aliyeandikwa mara nyingi, na mke aliyebaki na jina lake hakuonekana. Ukilitafuta Rebmann kwa njia hiyo unapata jina la watu maelfu machache, ambalo halimo hata katika majina elfu moja ya mwanzo. Lakini kwenye ramani halijatawanyika hovyo. Limelalia kusini-magharibi, Baden-Württemberg na pande za Rhine, kule kulekule lilikozaliwa miaka 600 iliyopita, na linazidi kuwa jembamba kadiri unavyopanda kaskazini. Ramani ya aina hii ndiyo iliyonifanya niache kutumia neno "nadra" bila kufikiri. Nadra wapi? Mjini Rostock mwenye jina hili ataombwa alitaje herufi kwa herufi kila anapopiga simu. Kwenye kijiji fulani cha Baden atakuta wenzake wawili kwenye kikosi cha zimamoto.

Namna ya kuandika nayo ilichangia kugawa hesabu. Makasisi wa Württemberg waliamriwa kuweka daftari za ubatizo na ndoa kuanzia 1558, na waliandika walichosikia: n moja, n mbili, e au ä, ndani ya familia moja. Kilichogandisha herufi ni ofisi za vizazi na vifo za serikali, zilizoanza Ujerumani nzima tarehe 1 Januari 1876. Namna karani alivyoandika siku hiyo, watoto walibaki navyo. Waliovuka kwenda Marekani mara nyingi walidondosha n ya mwisho wakawa Rebman, na kwenye orodha za kompyuta hao ni ukoo tofauti.

Halafu kuna hesabu ya wana. Mwaka 1874 Waingereza wawili, Francis Galton na Henry Watson, walichapisha hesabu zao kuhusu swali la kwa nini koo za watu mashuhuri zinafutika. Jibu halikuhusu umashuhuri. Jina linalopita kwa wana wa kiume peke yao liko hatarini kila kizazi, na likianza na watu wachache, kizazi kimoja cha mabinti watupu kinatosha kulifunga. Wenye majina ya nadra huku hupenda kuamini kwamba uchache wao ni dalili ya damu ya kikabaila. Mimi huwa nanyamaza, maana ni wenyeji wangu, lakini mara nyingi ni dalili ya mabinti.

Sheria ndiyo iliyokuwa ikiusaidia ufutikaji huo. Chini ya sheria ya kiraia iliyoanza mwaka 1900 mke alichukua jina la mume, basi. Mwaka 1976 wanandoa wakaruhusiwa kuchagua la mke, ila wasipochagua, la mume lilipita lenyewe. Mahakama ya Katiba ikalifuta hilo mwaka 1991. Na tangu tarehe 1 Mei 2025 mume na mke wanaweza wote wawili kubeba jina la kuunganisha, na watoto wao pia. Akina Müller hawatahisi tofauti yoyote. Kwa jina la maelfu machache, binti mmoja mwenye watoto wanne anayeamua kuwa Rebmann-Müller anaweza kuongeza wenye jina kijijini kwao kuliko kaka zake wote, na mzee wangu wa mizabibu, mwenye mabinti watatu na jina ambalo nalo limebanwa kwenye vijiji viwili, ameshaanza kulizungumzia mezani kila wakwe wanapokuja.